Mkono Uliokatwa na Mkono Ulioponywa

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mithali 26:18, 19, 1 Samweli 28:3–20, Mhubiri 9:5, 6, Wakolosai 2:15, Luka 9:51–56, Warumi 12:15, Marko 3:1–6.

Fungu la kukariri: Marko 3:5. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na watu wa nyumbani mwako.

Jioni moja, baada ya kufunga Sabato, nilikuwa nyumbani kwa ndugu mmoja wa kanisa, mtaa wa Chanji hapa Sumbawanga. Upepo ulikuwa mkali kama ilivyo kawaida ya mji wetu, hivyo wote tulikuwa ndani, wakubwa na watoto. Vijana wanne walikuwa kwenye kona wameinamia simu moja. Ghafla wakacheka kwa pamoja hata mazungumzo yetu yakakatika. Nikawauliza wanacheka nini. Binti mmoja akanigeuzia kioo. "Mwalimu, tazama mkono huu!" Nikaona mkono wa mtu, uliokatwa kwenye kifundo, ukikimbia sakafuni kwa vidole vyake kama kaa.

Nami nikacheka. Nakiri hivyo mbele yenu.

Kisha nikaona kwamba mama mmoja, jirani aliyekuja kusali nasi, hakucheka. Mjukuu wake, ambaye ana ualbino, alikuwa amelala mapajani pake. Aliichukua mikono yote miwili ya mtoto, akaiingiza ndani ya kitenge, akaaga na kuondoka. Hakusema neno jingine.

Tamthilia ile inaitwa Wednesday, nayo inapendwa sana na vijana. Juma hili hatutaishia kuuliza kama inafaa kutazamwa. Tutauliza pia kicheko chetu kinamwangukia nani, hofu yetu inamwangukia nani, na Kristo anasimama upande gani.

Jifunze somo la juma hili ili kujiandaa kwa Sabato ijayo.

JUMAPILI

Mzaha Unaanguka Wapi?

Soma Mithali 26:18, 19. Sulemani anamfananisha na nini mtu anayemdhuru jirani yake kisha akasema alikuwa anatania?

Ni vizuri tukijue kitu tunachokizungumzia kabla ya kukihukumu. Wednesday ilitolewa na kampuni ya Netflix tarehe 23 Novemba 2022, ikiwa na sehemu 8 katika msimu wa kwanza. Msimu wa pili ulifuata mwaka 2025. Chimbuko lake ni la zamani. Mchoraji wa Marekani, Charles Addams, alianza mwaka 1938 kuchapisha katuni za familia ya ajabu inayopenda kila kitu ambacho wengine wanakiogopa: makaburi, sumu, dhoruba na giza. Wednesday ni binti wa familia hiyo. Hatabasamu, huvaa nyeusi, na husoma katika shule ya bweni yenye watoto wa ajabu, wakiwamo wanaogeuka mbwamwitu. Mkono uliokatwa ni mtumishi na rafiki yake.

Vijana wetu wengi hawalipii Netflix. Tamthilia huwafikia kwa flashi, kwa kurushiana kwenye simu, au katika kibanda umiza. Hata ambaye hajaiona amekutana na ile ngoma anayocheza binti huyo, maana ilienea dunia nzima kupitia TikTok.

Kwa mtoto wa mji ambako hakuna anayelala akihofia kurogwa, mzaha wa namna hii huishia kwenye kioo. Kwetu hauishii hapo. Wazee husimulia kwamba jina la mji wetu kwa Kifipa lina maana ya kutupa uchawi. Ukisafiri hadi Dar es Salaam na kutaja kwamba unatoka Sumbawanga, mtu atakuambia usimrushie radi. Wote mtacheka, na wewe utacheka. Lakini maneno hayohayo yakisemwa kijijini juu ya bibi mzee mwenye macho mekundu kwa moshi wa mafiga, hayachekeshi tena. Yanaweza kumwondolea nyumba yake, au uhai wake.

Biblia haikatazi kucheka. Mhubiri 3:4 inatuambia kwamba kicheko kina wakati wake. Sulemani anachouliza ni mahali unapoanguka mshale uliorushwa kwa mchezo. Na wahenga wetu walisema, mzaha mzaha hutumbua usaha.

Tafakari: Ni mzaha gani juu ya uchawi umewahi kuusema au kuusikia kanisani? Je, ungeweza kuurudia mbele ya mtu aliyewahi kutuhumiwa?

JUMATATU

Bibi Aliyerudi Kutoka Kaburini

Soma 1 Samweli 28:3–20 na Mhubiri 9:5, 6. Sauli alitafuta nini Endori, na aliondoka na nini?

Katika msimu wa kwanza wa tamthilia ile kuna bibi wa ukoo aliyekufa karne nyingi zilizopita. Humtokea binti katika maono na kumwelekeza. Mwishoni, binti anapokuwa karibu kufa kwa jeraha, bibi huyo anamponya.

Hapa ndipo tuwe macho kuliko kwenye yale madude ya kutisha. Dude la kutisha halimdanganyi mtoto wa miaka kumi na mitano, anajua limetengenezwa. Lakini bibi mwenye upendo, anayerudi kumsaidia mjukuu, anagusa jeraha la kweli. Kijana aliyemzika mama yake mwaka jana anatamani sana jambo hilo liwe kweli. Nasi wa Ufipa tumekulia katikati ya habari za namna hiyo. Mtu huota babu yake analalamika, na asubuhi ukoo unakutana kuzungumzia tambiko.

Sauli naye alitamani. Mungu hakumjibu kwa ndoto, wala kwa Urimu, wala kwa manabii (fungu la 6). Je, Mungu aliyekataa kumjibu kwa njia alizoziweka mwenyewe, angemjibu kwa njia aliyoikataza katika Kumbukumbu la Torati 18:10–12? Kilichomtokea kilichukua sura ya Samweli, lakini hakikuleta tunda la Samweli. Hakikumwita atubu, wala hakikumpa tumaini. Sauli alianguka chini kwa hofu, bila nguvu mwilini mwake. Na 1 Mambo ya Nyakati 10:13, 14 inalihesabu tendo lile kuwa sehemu ya dhambi iliyomwangamiza.

Wafu hawajui neno lolote. Wengine hulisikia fundisho hili kama neno la ukatili, lakini kwa aliyefiwa ni pumziko. Mama yako hazunguki usiku akiwa na njaa. Hakukasirika kwa sababu hukuchinja mbuzi. Amelala, na Yesu, aliyeliita lile la Lazaro usingizi (Yohana 11:11–14), ndiye mwenye ufunguo wa kumwamsha.

Tafakari: Ungemwambia nini kijana aliyefiwa anayependa tamthilia hii kwa sababu ya yule bibi? Utaanza na kumkemea, au na kumuuliza juu ya mama yake?

JUMANNE

Radi na Swali Baya

Soma Wakolosai 2:15. Kristo alizifanyia nini enzi na mamlaka za giza pale msalabani?

Miaka mingi iliyopita, msimu wa mvua, radi ilipiga nyumba katika kijiji nilichokuwa nikihudumu. Watu wawili waliumia. Mzee wa kanisa alipoleta habari, swali langu la kwanza halikuwa, "Wanaendeleaje?" Niliuliza, "Familia ile iligombana na nani?" Nilikuwa na stashahada ya theolojia, na mahubiri juu ya hali ya wafu nilikuwa nayo kichwani. Hata hivyo swali lile lilitoka kinywani mwangu kabla sijalifikiri.

Ufipa ni uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ni nyasi na mashamba, miti ni michache. Chembe za barafu zinapogongana ndani ya wingu la mvua, wingu hujaa umeme, na umeme hutafuta kilichoinuka: mti, paa, au mtu aliyesimama na jembe katikati ya shamba. Radi haihitaji adui wa kuituma. Lakini tukishauliza, "Nani ametuma?", ni lazima jina lipatikane.

Na majina hupatikana. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 harakati za Kamchape zilipita katika vijiji vya Ufipa zikidai kusafisha uchawi, na mtaalamu Roy Willis akaziandikia. Tangu mwaka 1928 nchi yetu ina Sheria ya Uchawi, na Januari 2015 serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Bado ramli chonganishi inaendelea kugombanisha ndugu na ndugu, maana sheria pekee haiwezi kuing'oa hofu.

Paulo anasema nini? Hasemi kwamba Shetani ni hadithi. Anasema Kristo amezivua silaha zile enzi na kuziaibisha hadharani. Mkristo hana sababu ya kuzichezea, wala hana sababu ya kuzitetemekea. Anayezichekea na anayezitetemekea wanaweza kufanana kwa jambo moja: wote wawili wanautazama uchawi, na hakuna kati yao anayemtazama jirani aliyeumia.

Tafakari: Msiba au ugonjwa ukitokea kwenu, swali la kwanza kinywani mwako ni lipi? Mwombe Mungu alibadilishe swali hilo.

JUMATANO

Mtu wa Dini Ndiye Mbaya

Soma Luka 9:51–56. Yakobo na Yohana walitaka nini, na kwa jina la nani?

Jina la binti yule ndilo jina la siku ya leo, Jumatano, kwa Kiingereza. Lilitoka katika shairi la zamani la watoto linalomtabiria huzuni anayezaliwa siku hiyo. Na kuna jambo katika habari yake ambalo vijana huliona haraka kuliko sisi. Mbaya mkubwa wa msimu wa kwanza ni mtu wa dini. Ni mwanzilishi wa mji jirani na shule ile, mtu wa karne ya 17, aliyewafungia watu aliowaona kuwa wa ajabu ndani ya jumba la kukutania na kuwachoma moto, akiwa na uhakika kwamba anamtumikia Mungu.

Kijana mmoja aliniuliza katika darasa la Shule ya Sabato, "Mwalimu, si ndivyo walivyofanya kweli?" Ilinibidi nijibu ukweli. Mwaka 1692, huko Salem katika Massachusetts, watu waliosali kila juma waliwanyonga watu 19 kwa tuhuma za uchawi, na mtu mmoja zaidi alikufa akikandamizwa kwa mawe. Waliowahukumu walidhani wanausafisha mji.

Yakobo na Yohana walikuwa mitume. Walikuwa na andiko, maana Eliya aliwahi kushusha moto. Walikuwa na sababu, maana Wasamaria walikataa kumpokea Bwana wao. Walichokosa ni roho ya Bwana waliyetembea naye. Yesu akawageukia, akawakemea, nao wakaenda kijiji kingine.

Tusikimbilie kusema kwamba tamthilia imetutukana. Tujiulize kwanza: mama akituhumiwa uchawi katika kijiji chetu huko Laela, Matai au Namanyere, atakimbilia kanisa la Waadventista? Au atapita mlangoni kwetu akiogopa kwamba nasi tumekwisha kuamini tuhuma ile, ila sisi tutaiita jina la Kibiblia?

Tafakari: Kanisa lako limewahi kumsimamia mtu aliyetuhumiwa? Kama halijawahi, ni nini kililizuia?

ALHAMISI

Mkono wa Mzaha na Mkono wa Mtoto

Soma Warumi 12:15. Paulo anatutaka tufanye nini na wanaolia?

Sasa turudi kwenye ule mkono. Katika tamthilia, mkono huo una akili na moyo. Hununa, hufurahi, hupeleleza. Karibu na mwisho wa msimu wa kwanza unachomwa kisu na kukaribia kufa, na vijana wameniambia kwamba hapo walilia. Nawaamini. Mtunzi hodari anaweza kutufanya tuulilie mkono ambao ni wa kubuni tu.

Lakini katika mkoa wetu wa Rukwa kuna mikono iliyokuwa na wenyewe. Februari 2013 mtoto wa shule mwenye ualbino alivamiwa akirudi kutoka shuleni na kukatwa mkono. Mwezi huohuo mwanamke mwenye ualbino naye alikatwa mkono. Machi 2015 mtoto mdogo zaidi alikatwa kiganja. Waliofanya hivyo walifuata uongo kwamba kiungo cha mtu huyo huleta utajiri. Hapakuwa na pepo aliyeshika panga. Walikuwa watu, na mahali fulani palikuwa na mnunuzi.

Watunzi wa tamthilia ile hawakuwa na habari ya Rukwa, na haitakuwa haki kuwalaumu kwa damu iliyomwagika kwetu. Sisi ndio tulio na habari. Mzaha uleule unaopita salama kwingine, unapofika Chanji unamkuta bibi amempakata mjukuu.

Siku iliyofuata nilikwenda kwa yule mama kumwomba radhi. Nilikuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikamwambia nilichojia. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sikukasirika. Niliogopa tu mtoto asije akaamka akauona."

Nikamuuliza kanisa limfanyie nini. Nilitegemea kusikia jambo kubwa. Akasema, "Haoni vizuri mbali. Katika darasa la watoto huwa anawekwa nyuma. Naomba akae mbele." Miezi mingi mtoto yule alikuwa akija Shule ya Sabato asione picha wala ubao, na mimi, ninayesimamia elimu kanisani, sikuwa nimeliona hilo.

Tafakari: Ni nani katika darasa lako amekaa nyuma kwa sababu hakuna aliyemuuliza anaona nini?

IJUMAA

Jifunze zaidi: Soma Marko 3:1–6. Katika kitabu Pambano Kuu cha Ellen G. White, soma sura ya 33 na ya 34, juu ya udanganyifu wa kwanza wa Shetani na swali la kama wafu wanaweza kusema nasi.

Ilikuwa siku ya Sabato. Ndani ya sinagogi alikuwamo mtu mwenye mkono uliopooza. Wengine walikuwa wanautazama mkono ule kwa sababu yao wenyewe: walitaka kuona kama Yesu angeuponya ili wapate neno la kumshtaki. Kwao mkono ulikuwa mtego. Mwenye mkono hawakumwona.

Yesu alimwambia kwanza asimame katikati, mbele ya watu wote. Akawatazama wale walionyamaza, akiwa na hasira na huzuni kwa ugumu wa mioyo yao. Kisha akamwamuru mtu yule anyoshe mkono, nao ukawa mzima. Angalia utaratibu wake: alimtoa nyuma akamweka mbele kabla ya kumponya. Muujiza wa kuponya ni wake peke yake. Lakini kumtoa mtu nyuma na kumweka mbele, hilo kila darasa la Shule ya Sabato linaweza kulifanya kesho.

Sasa, tuwaambie nini vijana juu ya tamthilia ile? Ushauri wangu ni kwamba tuiache. Inamfanya aliyekufa kuwa mwokozi, na inatuzoeza kucheka mahali ambapo jirani zetu wanalia. Lakini tusiwanyang'anye simu bila kuketi nao. Mzazi akae, asikilize wanachokipenda katika habari ile, afungue Biblia pamoja nao, awaache waulize maswali magumu. Kijana aliyeacha kwa kuogopa kiboko atatazama kwa jirani. Kijana aliyeona mwenyewe ni nani anayeumia, ataacha hata akiwa peke yake gizani na bando limejaa.

Wale vijana wanne niliwaeleza alichosema yule mama. Hawakubishana nami. Sabato iliyofuata binti aliyenigeuzia simu alifika mapema, akabeba benchi fupi la darasa la watoto, akaliweka karibu na ubao, upande ambao jua la dirishani halipigi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kuna tofauti gani kati ya kutouogopa uchawi na kuufanyia mchezo? Tumieni Wakolosai 2:15 na Matendo 19:18–20 katika majadiliano yenu.

2. Kama kikundi, orodhesheni maneno ya mzaha juu ya uchawi yanayotumika katika mtaa wenu. Ni nani anaumizwa na kila neno? Ni yapi mko tayari kuyaacha?

3. Ikiwa Jumatatu asubuhi mmoja wa majirani zenu atatuhumiwa kuwa ameroga, kikundi chenu kitafanya nini kabla ya jioni? Pangeni nani atakwenda kukaa naye, nani atazungumza na mwenyekiti wa kijiji au mtaa, na nani atatoa taarifa polisi.

4. Je, katika kanisa lenu wapo watu wenye ualbino? Waulizeni wao wenyewe wanahitaji nini: mahali pa kukaa, kofia, mafuta ya kujikinga na jua, au mtu wa kumsindikiza mtoto shuleni. Leteni jibu katika darasa Sabato ijayo.